Sosi ndo chakula

Wiki iliyopita kijana mmoja wa boda alibaki nyuma baada ya mazoezi, wenzake washaondoka, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Kochi, miezi 5 sasa nabeba vyuma, mbona mkono uko vile vile?" Nikamwambia vyuma tutafika, kwanza niambie jana ulikula nini. Asubuhi chai na chapati 2, mchana posho (ugali) na maharage, jioni matoke (ndizi za kupika) na binyebwa (sosi ya karanga). "Nilikula vizuri kochi, nilishiba kabisa." Nikamwomba anionyeshe kwa mikono posho ilikuwa kiasi gani, akafungua viganja vyote viwili kama mtu anakinga maji ya mvua. Na maharage? Akakunja kiganja kimoja.

Hapo hapo ndo penye tatizo na si lake peke yake, ni letu wote hapa Uganda. Ukiingia kwenye kibanda chochote cha chakula Kampala mama anakuuliza maswali mawili, la kwanza "chakula gani?" na hapo anamaanisha matoke, posho, wali, viazi, mihogo, alafu la pili "na sosi gani?" na hapo ndo inakuja nyama, samaki, maharage, binyebwa. Sikiliza hayo majina vizuri. Wanga tumeupa jina la chakula, na protini tumeiita sosi, kitu cha kuteremshia tu. Mi nimezaliwa Arua, huu mwaka wa 9 nafundisha jimu hapa Kansanga, Kampala, wateja wangu wengi tunaongea Kiswahili maana kuna Wakongo, Wakenya wa chuo, askari na watu wa kwetu West Nile, na karibu kila anayekuja kulalamika kwamba mwili haujengeki nikichungulia sahani yake nakuta jambo hilo hilo. Kwa mtu anayebeba vyuma sosi ndo chakula, posho inakuja kusindikiza.

Twende kwenye hesabu maana bila hesabu tunapiga hadithi tu. Msuli ukiubebesha mzigo mzito unapata ishara ya kujijenga, lakini matofali ya kujengea ni protini. Mwaka 2018 watafiti walikusanya tafiti 49 zenye watu zaidi ya 1,800 waliokuwa wanafanya mazoezi ya vyuma, wakakuta faida ya kuongeza protini inaendelea mpaka kama gramu 1.6 kwa kila kilo ya mwili kwa siku, ukipita hapo faida inakuwa ndogo sana kwa watu wengi. Yule kijana ana kilo 70, kwa hiyo anahitaji gramu 112 hivi. Nikapiga hesabu ya siku yake pale pale kwenye daftari: chapati 2 gramu 8, posho 12 tuseme, maharage ya kiganja 8, matoke 5, binyebwa 8. Jumla kama 40. Yani anafanya mazoezi ya mtu wa gramu 112 na anakula za mtu wa 40, miezi 5 yote, na anajilaumu kwamba hana bidii wakati bidii anayo kuliko wengi ninaowafundisha. Iliniuma kweli.

(Kama una kilo nyingi za ziada usipige hesabu na uzito ulionao sasa, piga na uzito unaotaka kufika. Na mwenye ugonjwa wa figo aongee na daktari wake kwanza, hili si la mzaha.)

Alafu ujue jambo hili sisi tulishalijua zamani, tena hapa hapa. Hospitali ya Mulago hapa Kampala kuna kitengo cha lishe kinaitwa Mwanamugimu ambacho kimetibu watoto wenye utapiamlo miaka na miaka, na mama zetu wanafundishwa kupika kitobero, yani matoke au kiazi pamoja na maharage au samaki au binyebwa na mboga, vyote kwenye sufuria moja, sababu matoke peke yake hayawezi kumjenga mtoto. Gramu 100 za matoke yaliyopikwa zina gramu 1 tu ya protini! Sasa mtoto tunampikia kitobero, akifika miaka 20 anaingia jimu, tunamrudisha kwenye mlima wa matoke.

Sahani niliyompangia yule kijana sio ya kitajiri. Asubuhi mayai 3 na nusu lita ya maziwa na chapati 1, hapo ni kama gramu 38. Mchana maharage vikombe 2 vilivyojaa, yaliyopikwa, na posho nusu ya ile ya zamani, hapo 36. Usiku mukene (dagaa) mkavu gramu 50 umepikwa ndani ya binyebwa kidogo, na wali au matoke, hapo 38 au 39. Amefika. Maharage ukiyaongeza ghafla tumbo litajaa gesi, kwa hiyo panda polepole wiki 2 au 3 na uyaloweke usiku kucha umwage yale maji. Na msiikimbie posho kabisa kama wanavyofanya wengine, mahindi yana upungufu wa kiini cha protini kinachoitwa laisini na maharage yanacho kwa wingi, wakati mahindi nayo yanaongezea kile ambacho maharage yanacho kidogo, kwa hiyo hao wawili wanasaidiana vizuri, shida ni vipimo tu.

Mukene naomba niuongelee kwa urefu maana watu wanaudharau mpaka nasikia vibaya. Wakenya wanauita omena, Watanzania dagaa, ni samaki wale wadogo wa ziwa letu wanaouzwa kwa kikombe kila soko, na ukishakauka karibu nusu ya uzito wake au zaidi ni protini tupu, na kwa vile unaula na mifupa yake unapata kalsiamu pia. Hapa mtu anakwambia hicho ni chakula cha kuku. Kweli viwanda vya chakula cha kuku vinanunua mukene mwingi, sasa jiulize kwa nini kuku anakua haraka. Watu wengi wanachochukia ni mchanga, maana kuna mwingine unaanikwa chini kwenye mchanga wa ufukweni, kwa hiyo ukinunua chukua ule ulioanikwa juu ya vichanja kama upo, uangalie unang'aa rangi ya fedha na sio njano, unuse. Nyumbani kata vichwa, weka kwenye maji ya uvuguvugu, sugua kwa viganja taratibu, subiri mchanga utue chini, toa mukene kwa mkono, usimwage na maji yake maana mchanga utarudi juu, rudia mara 3. Alafu ukaange kwa mafuta kidogo sana mpaka ukauke, kitunguu, nyanya, ndimu mwisho. Mke wangu anautwanga kabisa anachanganya kwenye binyebwa na watoto hawajui hata kama wamekula samaki.

Binyebwa nayo ina mtego wake. Watu wanaihesabu kama protini na kweli gramu 100 za karanga zina protini gramu 25, lakini ndani ya hizo hizo kuna mafuta karibu gramu 50 na kalori kama 570. Protini hiyo hiyo ukiitafuta kwenye mayai 4 unalipa kalori 280 tu. Mtu mwembamba anayetafuta kilo, binyebwa ni rafiki yake mkubwa. Mwenye kitambi apime kwa kijiko.

Rolex je, ile chapati iliyoviringishwa na mayai? Naulizwa kila siku. Rolex haina ubaya ukijua kuagiza, mwambie kijana wa chapati "mayai 4, chapati 1, mafuta kidogo", badala ya chapati 2 na mayai 2, na nyanya na kabichi aweke nyingi. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ni kalori 120, na pale kwenye kikaango nimeona mkono unamimina bila kuangalia.

Poda za kopo ni protini ya maziwa iliyokaushwa, inasaidia mwenye haraka na mwenye pesa, basi. Mimi mwaka wangu wa kwanza nilijinyima karibu mwezi mzima nikanunua kopo kwenye duka moja mjini, kijiko chake kilikuwa na gramu 24, na pesa ile ile ingeninunulia trei za mayai za kutosha muda mrefu zaidi. Kiongezeo pekee ninachokubali mtu atoe pesa yake ni kreatini (unga wa kusaidia nguvu ya msuli), gramu 3 mpaka 5 kila siku, imepimwa sana. Sindano ambazo baadhi ya vijana wanauziana vichochoroni sizitaki jimu kwangu, mwili ukipewa homoni kutoka nje unaacha kutengeneza ya kwake.

Sasa vyuma. Nilipomuuliza kijana mwezi wa kwanza alikuwa anabeba kilo ngapi akasema dambeli za 12. Na sasa? Za 12. Mwili hauna sababu ya kujenga msuli mpya kubeba mzigo ambao tayari unauweza. Mwaka 1945 daktari mmoja wa jeshi la Marekani, Thomas DeLorme, aliandika jinsi alivyokuwa anawarudishia nguvu askari walioumia kwa kuwaongezea uzito hatua kwa hatua, wakati madaktari wengi walikuwa wanaogopa mizigo mizito, na mpaka leo hiyo ndo kanuni.

Kwa asiye na pesa ya jimu, jerikeni ya lita 20 (dumu, wanavyosema Watanzania) ni jimu nzima, maana lita 1 ya maji ni kilo 1. Wiki hii umekumbatia jerikeni yenye lita 10 kifuani unachuchumaa mara 12 seti 3, wiki ijayo chukua chupa ya maji ya nusu lita, mimina ndani, sasa una 10 na nusu. Dambeli nyingi hazikuruhusu kuongeza hatua ndogo hivyo. Maji yakiwa nusu yanayumba na kukuvuta pembeni, kwa hiyo anza taratibu mpaka ushike usawa, na siku jerikeni imejaa na unaiweza hamia mchanga mkavu, huo unafika kilo 30 kwa jerikeni moja. Inama mgongo umenyooka uvute kuelekea tumboni, hapo ni mgongo. Shika 2 utembee nazo, hapo ni mikono, mabega, kiuno, kila kitu. Kifua pushapu zinatosha, zikiwa rahisi weka miguu juu ya benchi. Kila msuli upate seti 10 hivi kwa wiki ukigawa siku 2 au 3, na seti iishe ukiwa umebakiza mara 1 au 2 tu kabla ya kushindwa kabisa. Uzito mwepesi unajenga msuli pia mradi ufike karibu na huko kuchoka. Na andika! Daftari la shilingi chache, tarehe, lita, mara ngapi.

Upande wa mafuta mwilini kuna jambo linanisikitisha kila asubuhi ninapoona watu wanakimbia wamejifunga kavera (mfuko wa plastiki) tumboni chini ya nguo. Linalotoka pale ni jasho, ukinywa maji linarudi, na juani unaweza kuanguka. Tumbo halikatiki kwa kulifunga wala kwa sit-apu 200, mafuta yanaondoka mwili mzima pale unapokula kalori pungufu kuliko unazotumia, pungufu ya 300 mpaka 500 kwa siku inatosha, na mwili wenyewe unachagua wapi pa kutoa kwanza. Anza na vya kunywa. Soda ya nusu lita ina sukari gramu 50 na kitu, na haishibishi.

Na je unaweza kujenga msuli huku unakata mafuta? Ndio, hasa kama we ni mgeni kwenye vyuma. Kanada mwaka 2016 watafiti walichukua vijana wa kiume 40 wakawapunguzia kalori kwa asilimia 40 na mazoezi makali siku 6 kwa wiki, wiki 4, waliopewa protini nyingi (gramu 2.4 kwa kilo) walipoteza mafuta kilo 4.8 na mwili usio mafuta ukaongezeka kilo 1.2, wenye nusu ya hapo walipoteza mafuta 3.5 na msuli wao ukabaki palepale. Ndo maana mizani inadanganya. Mama mmoja anayeuza mitumba soko la Owino alikuja kwangu wiki ya 10 karibu analia, "Mwanangu, kilo 2 tu zimetoka, nataka kuacha." Nikamwambia mama, sketi hiyo uliyovaa siku ya kwanza ulifungaje? Akaishika kiunoni, ngumi yake yote ikaingia. Kinamama wengi wanaogopa kuwa kama wanaume wakibeba vizito, haitokei hivyo, homoni ya kiume mwilini mwenu ni kidogo sana.

Usingizi nimalizie nao sababu yule kijana anaendesha boda mpaka saa 7 usiku na kuamka saa 11. Chicago mwaka 2010 watafiti walifanya jaribio dogo la watu 10, chakula kile kile, siku 14 wakapewa masaa 8 na nusu ya kukaa kitandani na siku 14 masaa 5 na nusu. Kilo zilizotoka zililingana, karibu 3, ila kwenye usingizi mdogo mafuta yaliyotoka hayakufika hata nusu ya yale ya usingizi mrefu, kilo nyingine zilizotoka zilikuwa za mwili usio mafuta. Tumekubaliana ataacha abiria wa usiku siku 4 za wiki, pesa itapungua kidogo anajua, na alhamisi jioni anarudi na daftari, na chupa ya nusu lita, na mukene aliokaanga mwenyewe nikauonje kama mchanga umetoka.