Je, wajua kwa nini mashine ya kukatia majani huushinda mkono wa mtu?

Mfugaji aliyewahi kukata matete ya ng'ombe kwa panga anajua kwa nini mashine imependwa. Mzigo uliokula asubuhi nzima sasa unakwisha chai haijapoa. Lakini mashine hiyo hiyo imewakata watu vidole na viganja, hata walioizoea. Sababu iko kwenye hesabu ndogo ya mwendo.

Mashine yenye roli, yaani vyuma vya mviringo vinavyozunguka na kubana majani, haisubiri kusukumiwa. Roli zikishauma ncha za mabua, huyavuta zenyewe hadi kwenye visu. Tuseme gurudumu lina visu 2, linazunguka mara 600 kwa dakika, na kila kisu kinakata kipande cha sentimita 2.5. Hapo mabua yanaingia kwa sentimita 50 kila sekunde. Mtu akishtuka, huchukua kama robo sekunde kabla misuli yake haijaitika. Katika robo hiyo mabua yamekwenda sentimita 12.5, na kama kidole, mkono wa sweta au pindo la kanga vimenaswa, navyo vimekwenda.

Kuzima swichi hakumwokoi aliyenaswa. Gurudumu la chuma ni zito na likishashika kasi huendelea kuzunguka hata umeme ukikatika. Kwa hiyo majani yakikwama, zima, chomoa waya ukutani (kama ni injini ya petroli, chomoa waya wa plagi), ngoja gurudumu litulie kabisa, kisha likabe kwa kipande cha mti. Visu vinaweza kugeuka ghafla pale unapotoa kilichokwama.

Kinga ya kweli ni umbali. Unaponunua, tazama sinia la kulishia majani: liwe refu kuliko mkono wako, na upande wa roli lifunikwe juu. Sinia fupi nisingelichukua hata kwa nusu bei. Kama kuna wenzo wa kurudisha roli nyuma, ujaribu kabla ya kulipa, na kila anayefanya kazi hapo aonyeshwe ulipo.

Wakati wa kulisha simama ubavuni, mikono ya shati ikiwa imebana, watoto wakiwa mbali. Glavu pana usivae, hunaswa upesi. Hatari kubwa huja mwishoni, vikibaki vipande vifupi vinavyoushawishi mkono uingie ndani kuvisukuma. Viweke juu ya fungu jipya vivutwe pamoja nalo, au mtupie ng'ombe vilivyo.