Kwa nini kicheche huua kuku wote bandani na kula mmoja tu?

Wafugaji wa kuku wa kienyeji, hasa wa pembezoni mwa miji ambako nyumba zimepakana na mashamba na vichaka, wanalijua tukio hili. Mlango wa banda unafunguliwa asubuhi, na badala ya kuku kutoka mbio kwenda kudonoa, kimya. Saba au nane wamelala chini wamekufa. Mmoja hayupo. Wengine ukiwageuza huoni hata walipoumizwa. Hapo ndipo swali linapozuka: mnyama mwenye njaa si angebeba mmoja akaenda zake? Hawa wengine amewaua kwa faida gani?

Mtaani majibu hayakosekani. Wapo wanaosema kicheche ana roho mbaya, wapo wanaosema hunyonya damu na kuacha nyama, na wapo wanaokwenda mbali zaidi na kusema huu ni mkono wa mtu, tena jirani. Ugomvi wa namna hii umewahi kuvunja ujirani wa miaka mingi, na unaniuma kwa sababu jibu la kweli lipo. Limechunguzwa kwa makini, na sehemu kubwa ya uchunguzi huo ilifanyika hapa hapa Tanzania, ingawa mnyama aliyechunguzwa hakuwa kicheche.

Miaka ya 1960 mtafiti Mholanzi Hans Kruuk alikuwa Serengeti na Ngorongoro akifuatilia maisha ya fisi. Asubuhi moja, baada ya usiku wa giza nene na mvua kubwa, mbugani kulikutwa mizoga ya swala tomi ikiwa imetapakaa. Fisi 19 walikuwa wameua swala 82 na kujeruhi wengine 27, na walikuwa wamekula sehemu ndogo tu ya nyama yote ile. Kruuk alikuwa ameshaona jambo kama hilo Uingereza, pwani ya Ravenglass, ambako mbweha waliingia kwenye makundi ya shakwe waliotaga na kuwaua kwa wingi bila kuwala. Huko nako ilitokea katika usiku wa giza totoro, shakwe walipobaki wametulia chini badala ya kuruka. Mwaka 1972 aliandika maelezo yake kuhusu mauaji haya ya ziada, na mpaka leo ndiyo msingi wa kuelewa kinachotokea bandani kwako.

Hoja yake ni hii. Sisi tunadhani uwindaji ni jambo moja linaloanza na njaa na kuishia na shibe. Kwa mnyama ni hatua kadhaa: kutafuta, kunyemelea, kukamata, kuua, kula. Kila hatua ina kichocheo chake. Shibe humzuia mnyama kutoka kwenda kutafuta, na humzuia kuendelea kula, lakini haimzuii kukamata kitu kinachopapatika mbele ya pua yake. Paka wa nyumbani aliyetoka kula dagaa bakuli zima bado atamrukia panya akikatiza. Ndivyo alivyoumbwa. Porini mawindo hayapatikani kila siku, na mwindaji ambaye angesubiri njaa ndipo ashike angekufa njaa.

Kwa nini basi porini hatuoni mizoga ya kanga imelala kila mahali? Kwa sababu kanga wana pa kukimbilia. Mnyama akimdaka mmoja, wengine wote wanaruka na kutawanyika, na baada ya sekunde chache hakuna tena cha kumchochea. Anabaki na mmoja mdomoni, anakula. Breki ya mauaji iko kwa mawindo yenyewe, katika kutoroka kwao.

Sasa njoo bandani. Mnyama amepenya, amemshika kuku wa kwanza, naye amepiga kelele. Wenzake wameshtuka, wanapiga mabawa, wanagonga ukuta na kumwangukia mwindaji mgongoni. Kila mpapatiko ni kichocheo kipya. Anauma, anaachia, anauma mwingine. Hakuna anayetoka, kwa hiyo hakuna kinachomwambia kazi imekwisha mpaka pale banda litakaponyamaza.

Na kuku mwenyewe usiku ni kama kipofu. Macho yake yameumbwa kwa mwanga wa mchana. Ndiyo maana jua likianza kuzama, kabla hata wewe hujawasha taa, yeye ameshapanda kulala. Asili ya kuku wetu ni kuku-mwitu wa misitu ya kusini-mashariki mwa Asia, ambao mpaka leo hulala juu ya matawi. Kuku wa kijijini anayeng'ang'ania kulala juu ya mwembe anafuata akili ile ile ya mababu zake. Juu ya mwembe anaweza kukamatwa, lakini wenzake wataruka gizani, hata kama ni kuangukia kwenye mihogo. Ndani ya banda bovu wanakamatwa wote. Hili nalisema kwa msisitizo kwa sababu wengi wetu tumejenga mabanda ya kuzuia kuku wasitoke, tukaamini tumezuia na mnyama asiingie. Banda lenye tundu moja ni hatari kuliko kutokuwa na banda kabisa.

Kuna jambo jingine linalofanya mauaji haya yasiwe ya bure machoni pa mnyama. Nyama iliyobaki ni akiba. Fisi huficha nyama, wakati mwingine hata ndani ya maji. Mbweha hufukia. Kanu, kinyama chembamba cha usiku chenye madoadoa na uzito wa kilo 2 hivi, hawezi kubeba kuku wanane kwa safari moja, kila mmoja akikaribia uzito wake. Anaondoka na mmoja, na kama wewe usingekuja kuokota mizoga asubuhi, angerudi. Na kwa kweli hurudi. Usiku wa pili, au wa tatu, saa zile zile, kwa tundu lile lile. Mfugaji anayesema "bahati mbaya imeshapita" na kulala anawapoteza waliobaki.

Kuhusu damu, chukua mmoja wa wale wanaoonekana hawana jeraha, utenganishe manyoya ya shingoni kwa vidole, polepole, ukianzia nyuma ya kichwa. Utakuta vitobo viwili, pengine vinne, vidogo kama vya sindano nene, na ngozi inayovizunguka imevilia damu. Hapo ndipo meno ya chonge yalipoingia. Wanyama wa jamii ya kanu na nguchiro huua kwa kuuma shingo au fuvu, kuku anakufa haraka, moyo unasimama, na damu inabaki ndani ya mwili na kuganda. Ukija kumchinja asubuhi haitoki, nawe unadhani imenyonywa. Haikunyonywa na mtu wala mnyama. Na kuku huyo asiliwe, hata kama roho inauma kumtupa: hujui amekaa hapo kwa muda gani, wala alichoachiwa na mdomo uliomuuma.

Ni nani basi aliyeingia? Huku kwetu kila kinyama cha usiku chenye mkia mrefu huitwa kicheche, lakini kicheche mwenyewe, yule mdogo mweusi mwenye mistari myeupe na harufu kali, hula zaidi wadudu na panya. Mara nyingi anabeba lawama za wengine. Mshukiwa wa kwanza wa usiku, kwa maoni yangu, ni kanu. Ana madoadoa, mwili mwembamba, mkia wa pete, na anapanda ukuta na miti bila shida. Panapopita kichwa chake, kiwiliwili nacho kinapita, kwa hiyo usitafute mlango uliovunjwa, tafuta pengo kati ya ukuta na bati. Mwingine ni nguchiro mkubwa mwenye mkia mweupe, anayetembea usiku na anayependa mabanda ya kuku. Nguchiro wengine wengi hutembea mchana, nao hupenda sana mayai. Wale wanaokwenda kwa makundi hulishika yai kwa miguu ya mbele na kulirusha kinyumenyume, kupitia katikati ya miguu ya nyuma, likapasukie kwenye jiwe. Ukikuta maganda yamerundikana karibu na jiwe au msingi wa nyumba, umeshampata.

Nyegere hafichi kazi yake. Anachimba chini ya ukuta, anang'oa mbao, anakunja bati, na akiingia hasazi. Ukiona udongo umefukuliwa kwa nguvu na makucha marefu yamechora chini, ni yeye, na banda la mabanzi yaliyogongwa misumari miwili miwili halimzuii.

Mbwa wa mtaani ni msumbufu kuliko tunavyokubali. Yeye hutafuna ovyo, hurarua mgongo na mapaja, na manyoya hutapakaa uwanja mzima. Mara nyingi hali chochote. Huja alfajiri, na ni mbwa wa mtu, kwa hiyo maneno huwa mengi.

Chatu ni kinyume chake. Kuku hayupo, hakuna damu, hakuna unyoya. Mara nyingine utamkuta bado yumo ndani: aliingia mwembamba, akameza, na sasa tumbo halipiti pale alipoingilia. Usimshike. Kenge huja mchana jua likiwa kali, naye anataka mayai na vifaranga. Mwewe naye ni wa mchana, hushuka kwa kasi na kuondoka na kifaranga mmoja tu huku mama akipiga kelele. Panya wakubwa huvuta vifaranga usiku hadi kwenye mashimo yao, mmoja mmoja, na mfugaji huona idadi inapungua bila kuelewa. Siafu, wakati wa mvua, huua hata kuku aliyeatamia, kwa sababu amefungiwa na hawezi kukimbia. Jivu kuzunguka banda husaidia kwa muda, lakini njia ya uhakika ni kuwahi kuwafungulia kuku watoke.

Kisha kuna mwizi wa miguu miwili. Dalili yake ni usafi. Hakuna mzoga, komeo limefunguliwa au waya umekatwa, na walioondoka ni majogoo na mitetea mizito, wadogo wameachwa. Mnyama hachagui hivyo.

Na kabla hujamlaumu yeyote, hakikisha kuku waliuawa kweli. Mdondo, ambao wengine wanauita kideri, unaweza kumaliza banda zima kwa siku chache, na mnyama akapita usiku akala mzoga akiwa hana hatia ya kifo. Ukikosa vitobo shingoni, na siku zilizotangulia kuku walikuwa wamezubaa, wanahara kijani, wanapumua kwa shida au wamepinda shingo, tafuta mtaalamu wa mifugo. Mdondo hauna tiba, una chanjo. Ile inayovumilia joto, inayoitwa I-2, hutolewa tone moja jichoni na kurudiwa kila baada ya miezi 3 au 4.

Watu wengi wakishaumia hukimbilia sumu. Wanapaka dawa ya wadudu wa shambani kwenye mzoga na kuuacha nje. Ninaomba kwa dhati tusifanye hivyo. Anayekufa ni mbwa wa jirani, paka wako, bundi, tai, na hatari kubwa zaidi ni mtoto anayecheza uani. Kanu akifa, panya aliokuwa akiwala wanazaana kwenye ghala lako, na eneo lake linachukuliwa na kanu mwingine. Wanyamapori hawa wanalindwa na sheria pia.

Kinachosaidia ni banda. Wavu mwembamba wa kuku, ule wa matundu ya pembe sita, humzuia kuku asitoke lakini nyegere na mbwa huuchana, na kanu mdogo hupata pa kupenyeza mguu. Tumia wavu mgumu wa matundu ya nusu inchi kwenye madirisha na chini ya paa. Nje ya ukuta, laza wavu au mawe bapa yenye upana wa sentimita 40 hivi na kuyafukia kidogo, kwa sababu mnyama huanza kuchimba pale pale ukuta unapogusa ardhi, na akikutana na kizuizi harudi nyuma nusu mita kuanza upya. Ukiinua banda juu ya nguzo, zivishe bati laini ili zisipandike, na lisikae chini ya tawi la mti. Mlango uwe na komeo halisi. Kamba na jiwe havitoshi.

Na kwa kuwa usiku wa pili ndio hatari zaidi, fanya ukaguzi siku ile ile. Hamisha kuku waliobaki, hata kama ni jikoni au stoo. Giza likiingia, weka taa yenye mwanga mkali ndani ya banda tupu, funga mlango, kisha zunguka nje taratibu. Kila mwanga unapochungulia, weka alama ya chaki, hata kama tundu ni la vidole viwili. Asubuhi anza kuziba ya juu, kati ya ukuta na bati, ndipo ushuke chini.