Mbwa akikukimbiza ukiwa kwenye baiskeli, usikanyage mbio

Tangu utotoni tunaambiwa mbwa akikutokea barabarani we kanyaga pedeli kwa nguvu zote utamwacha, jamani hii si kweli. Mbwa wengi kwa umbali mfupi wanafika kilomita 30 kwa saa, wewe na baiskeli yenye mzigo kwenye barabara ya vumbi utafikaje huko, halafu kinachomchochea ni ule mwendo wenyewe, kitu kikikimbia anakifukuza tu. Simama, shuka, baiskeli iwe katikati yenu, mkemee kwa sauti nzito, kisha ondoka taratibu unaikokota bila kumpa mgongo. Wengi huishia hapo. Na akikung'ata tafadhali usipake pilipili wala mafuta ya taa, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 halafu wahi hospitali kwa ajili ya chanjo ya kichaa cha mbwa.