Msimtoe mtoto kwenye kwaya kwa sababu ya hesabu

Ripoti za katikati ya muhula zikitoka tu, ombi ni lile lile: "Mwalimu, mtoeni kwanza kwenye kwaya mpaka hesabu zipande." Safari hii asubuhi limeletwa na mzazi, na kabla ya mchana mwalimu mwenzangu akaniletea la kwake, kuhusu mtoto mwingine na karakana ya useremala. Mzazi namwelewa, anaogopa kwa ajili ya mwanawe. Mwalimu simwelewi. Naandika jibu langu lote hapa.

Wanaoomba hivyo wanaamini kwamba masomo ya kuchagua, kama kwaya ninayoifundisha na karakana, ni zawadi, na kwamba zawadi huondolewa mtoto akiteleza. Shule ya Kikatoliki haina ruhusa ya kuamini hivyo. Tamko la Mtaguso wa Pili wa Vatikano (mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa) kuhusu elimu, la mwaka 1965, linataka mtoto akuzwe kwa upatano katika vipaji vyake vya mwili, vya maadili na vya akili, na Sheria ya Kanisa ya 1983 inalirudia hilo katika kanuni ya 795. Konstitusio ya liturujia ya 1963, yaani hati ya Mtaguso huo kuhusu ibada, inasema waziwazi kwamba muziki ufundishwe na kufanyiwa mazoezi, si seminarini na kwa watawa tu, bali hata katika shule za Kikatoliki. Na haya hayakuanza na Mtaguso. Guido wa Arezzo, mmonaki wa karne ya 11, alichukua silabi za mwanzo za mistari ya utenzi wa Yohane Mbatizaji akazifanya majina ya nota, ili waimbaji wajifunze nyimbo upesi. Mwongozo wa masomo wa Wajesuiti, shirika la watawa wenye shule nyingi, wa 1599 una kanuni kuhusu maigizo. Don Bosco, padre aliyelea vijana maskini, alifungua karakana za viatu na ushonaji Torino, Italia, mwaka 1853. Anayedhani muziki, jukwaa na karakana tumeviingiza juzi kujaza nafasi kwenye ratiba, asome historia ya shule anayofundisha.

Tuje darasani. Ukimtoa mtoto kwenye kwaya ili aongezewe hesabu, mara nyingi anachoongezewa ni kipindi kingine cha njia ile ile iliyoshindikana, kwa mwalimu yule yule, saa ambayo tayari amechoka. Wakati huo huo umemnyang'anya mahali pekee shuleni ambapo wenzake humtegemea. Nami nabaki na sauti ya pili yenye pengo, kwa hiyo watoto wengine wote wanalipia sehemu zake za desimali. Kama kweli yuko nyuma, kwanza tujue amekwama wapi: ni jedwali la kuzidisha, ni kusoma swali, au ni macho hayaoni ubao? Kisha tumpe msaada wa dakika chache kila siku wakati wa masomo ya binafsi, na tumpunguzie kazi za nyumbani zinazorudia asichokijua. Tukishafanya hayo yote bila mafanikio, njooni tuzungumze kuhusu kwaya.

Wanaoniudhi zaidi, hata hivyo, ni watetezi wetu. Wanasimama kwenye mkutano wa wazazi wakisema muziki huongeza akili ya hesabu, na ukumbi unatikisa kichwa kwa kukubali. Naomba tuiache hoja hiyo. Watoto wanaojiunga na muziki na kudumu nao mara nyingi wametofautiana na wenzao tangu mwanzo: wana utulivu nyumbani, wazazi wanaofuatilia, muda wa mazoezi. Ukiwakuta wana alama nzuri za hesabu, huwezi kusema nota ndizo zilizozileta. Tena hoja hiyo inatuua sisi wenyewe, maana siku alama za hesabu zisipopanda, umeshakubali kwamba kwaya haina kazi. Kwaya ina kazi yake. Inamfundisha mtoto kusikiliza sauti ya jirani bila kuiacha yake. Inamfundisha kukosea mbele ya watu na kuendelea kuimba, kungoja zamu ya kuingia, na kuimba kwa sauti ndogo wakati ana uwezo wa kuimba kwa sauti kubwa. Sijui somo jingine kwenye ratiba yetu linalofundisha hayo manne kwa kipindi kimoja.

Kuna jambo moja ambalo wasiofundisha rika hili hawalioni. Kati ya miaka 11 na 14 sauti za wavulana wengi zinavunjika. Mtoto aliyekuwa anaimba soprano, sauti ya juu kabisa, bila shida anaamka na nota chache tu za kutegemea, na hizo nazo zinamkimbia. Ndicho kipindi wazazi huniambia, "Sauti imeharibika, hana haja tena." Haijaharibika. Namwandikia mstari wake mwenyewe wenye nota tano au sita, na nauhamisha kadiri sauti inavyoshuka. Akiondoka mwaka huo, kwa hesabu au kwa aibu, kwa kawaida harudi. Ndiyo maana neno "kwanza" katika ombi la "mtoeni kwanza" linanikera kuliko mengine yote.

Kuhusu uchaguzi wenyewe, fomu inayomtaka mtoto wa miaka 12 apange chaguo la kwanza, la pili na la tatu inapima urafiki kuliko kipaji. Wanafuata marafiki. Kwa hiyo nashikilia mzunguko kwa mwaka wa kwanza: kila mtoto apite kwenye muziki, sanaa ya uchoraji, karakana, maigizo na kompyuta, ndipo achague somo moja la mwaka mzima. Bila mzunguko, wavulana hawagusi sindano na wasichana wengi hawaingii karakana. Lakini mzunguko nao una gharama yake: wiki chache za useremala zinatosha kujua randa inashikwaje, hazitoshi kutengeneza kiti kinachokalika. Kina kinapotea. Bado sina hakika mwaka mzima wa kuonja ni sahihi au tungeishia kwenye nusu yake.

Dini haimo kwenye orodha ya kuchagua, na sihitaji kulieleza hilo. Kosa la upande wa pili ndilo linalohitaji maneno: kudhani kwamba kila somo la kuchagua lazima libandikwe aya ya Biblia ndipo liwe la Kikatoliki. Klabu ya roboti haihitaji aya. Inahitaji mwalimu mwaminifu anayemkataza mtoto kunakili programu ya mwenzake. Padre Georges Lemaître, aliyependekeza kwamba ulimwengu ulianza katika hali moja iliyosongamana, hakufurahia Papa Pius XII alipoihusisha nadharia hiyo na uumbaji katika hotuba ya 1951. Alikuwa padre, na alitaka fizikia ibaki fizikia. Mwalimu wa roboti anaweza kutulia.

Limebaki suala la alama, na hapo sina jibu. Ukitoa alama kwenye uchoraji, mtoto mwoga huchora kile anachojua kitapendwa. Usipotoa, wazazi wanaona somo halina uzito na tunarudi kwenye maombi ya kuwatoa watoto. Vitabu vya ualimu vinapendekeza jedwali la vigezo, yaani orodha ya mambo yatakayopewa alama. Nimelitumia, na nimeona watoto wakichora vigezo badala ya kuchora mti ulio mbele yao. Maelezo ya maandishi ni bora, ila yanamla mwalimu jioni zake zote, na mzazi mwenye haraka anayaruka akitafuta namba. Muhula ujao, wa mwaka wa kwanza watapata maelezo peke yake, na waliokwisha kuchagua somo la mwaka mzima watapata maelezo pamoja na alama. Waliojaribu mpangilio kama huo na watoto wa rika hili waniandikie, hasa kama uliwashinda.