Kinyago Hakidai Mshahara

Vijana wanaotaka kutengeneza filamu yao ya kwanza ya kutisha hunijia na maswali ya vifaa. Kamera gani, lenzi gani, damu ya bandia inapikwaje. Mimi ni mtayarishaji wa filamu huru za aina hiyo, na kabla ya hapo nilikuwa mhariri, kwa hiyo mazungumzo ya kamera hayanichoshi. Ila huwa nawarudishia swali langu kwanza: zimwi lenu ni la nani? Wengi hudhani natania.

Angalia mifululizo mikubwa ilikotoka. Halloween, Friday the 13th, A Nightmare on Elm Street, Saw, Paranormal Activity: yote ilianza na filamu za watu waliokuwa wakihesabu senti. Bajeti ndogo ndiyo iliyozaa aina ya zimwi linaloweza kurudi kwenye sinema kwa miaka arobaini. Na bajeti hiyo hiyo ndiyo inayomfanya aliyelizaa asaini mkataba usiku wa manane bila kuusoma.

Tuanze na Halloween, kwa sababu pale kila kitu kinaonekana wazi. Mwaka 1978 mwongozaji John Carpenter na mtayarishaji Debra Hill walikuwa na takriban dola 300,000. Hadithi yao inatokea Illinois majani yakipukutika, lakini picha zilipigwa South Pasadena, California, katika majira ya machipuko. Majani makavu yalipakwa rangi, yakamwagwa barabarani mbele ya kamera, shoti ikiisha yakazolewa ili yamwagwe tena kwenye shoti inayofuata. Ukiacha kumtazama muuaji na ukatazama miti, utaiona imesimama kijani, na hata minazi ya mapambo imo. Jina kubwa lilikuwa moja tu, Donald Pleasence, aliyelipwa dola 20,000 kwa siku 5. Baada ya hapo, staa mwingine angelipwa na nini?

Muuaji wao basi akapatikana dukani. Tommy Lee Wallace, aliyesimamia mandhari na pia kuhariri filamu hiyo, alinunua kinyago cha mpira cha Captain Kirk wa Star Trek, yaani sura ya mwigizaji William Shatner, kwa bei isiyofika dola 2. Akanyofoa nyusi, akaondoa ndevu za mashavuni, akapanua matundu ya macho, akavuruga nywele, kisha akakipulizia rangi nyeupe. Ikabaki sura ya mtu ambaye hana hasira wala huzuni, wala haelekei kukusikia ukimsemesha.

Kwa mhariri, sura kama hiyo ni neema. Uso wa mwigizaji huja na maana yake. Ukiukata kwenye tukio moja na kuupandikiza kwenye lingine, hasira ya kule inakuja nayo, na mtazamaji anahisi kuna kitu hakijakaa sawa. Kinyago hakina cha kuja nacho. Kiweke baada ya shoti ya msichana anayeongea na simu, kinaonekana kinavizia; kiweke baada ya maiti ukutani, kinaonekana kinastaajabu. Mtazamaji ndiye anayekitia roho, na hofu aliyoitia mwenyewe haitoki kirahisi.

Aliyekivaa sehemu kubwa ya filamu ni Nick Castle, rafiki wa Carpenter, kwa dola 25 kwa siku. Katika matukio mengine walikivaa watu wengine, Wallace mwenyewe akiwemo, na sidhani kama kuna mtazamaji aliyegundua wakati huo. Filamu ikaingiza takriban dola milioni 70. Hapo ndipo watu wa fedha walipopiga hesabu yao: steringi wa kawaida filamu ikipata, kesho anapandisha bei, au anazeeka, au anagombana na mwongozaji. Kinyago hakidai mshahara.

Walijaribu pia kuona kama jina peke yake linatosha. Halloween III ya 1982 haina Michael Myers, yule muuaji wa kinyago. Ni hadithi nyingine kabisa. Watazamaji waliikataa. (Mimi naipenda sana, lakini mapenzi yangu hayakuuza tiketi.) Ilipofika 1988, filamu ya nne ilimrudisha muuaji na jina lake likawekwa kwenye kichwa cha filamu, asije mtu akauliza.

Jason wa Friday the 13th ni ushahidi mkali zaidi. Katika filamu ya kwanza, 1980, muuaji si yeye bali ni mama yake. Katika ya pili amevaa gunia kichwani. Kinyago cha golikipa wa hoki ambacho dunia nzima inakijua kilifika filamu ya tatu, 1982. Kane Hodder alimcheza Jason katika filamu nne mfululizo, mashabiki wakampenda kwa namna alivyokuwa akihema tu mabega yakipanda na kushuka, lakini Freddy vs. Jason ilipotengenezwa 2003 kazi akapewa mwingine. Sasa mlinganishe na Freddy wa A Nightmare on Elm Street. Yeye uso wake umefunikwa makovu ya moto, lakini sauti, mwendo na utani ule wa kikatili ni vya Robert Englund. Mwaka 2010 wakamweka mwigizaji mwingine, tena mzuri, na mpaka leo hakuna filamu iliyofuata. Zimwi linaloongea lina mwenyewe.

Wapo waliokwenda mbali zaidi wakaondoa hata kinyago. Oren Peli alipiga Paranormal Activity ndani ya nyumba yake San Diego, kwa siku 7, kwa takriban dola 15,000. Shoti yake kuu ni moja: kamera imesimama pembeni ya chumba cha kulala, kitanda upande mmoja, mlango wazi upande mwingine, saa inakimbia chini ya picha. Hakuna kinachotokea. Nimeitazama shoti ile mara nyingi kwa jicho la kazi, na kinachonivutia ni kwamba haikatwi. Kwetu wahariri, mkato wa shoti ndio unaomwambia mtazamaji atazame wapi. Asipoambiwa, anatazama kila mahali: mlango, shuka, kivuli cha ukumbini, halafu mlango tena. Anafanya doria mwenyewe. Ukifika wakati mlango unasogea kidogo tu, yeye ndiye wa kwanza kuuona, au anaamini hivyo, na sinema nzima inapiga kelele. Filamu hiyo ilionyeshwa kwenye tamasha 2007, ikaingia sinema 2009, ikapata zaidi ya dola milioni 190.

Sasa turudi kwenye swali langu. Wahenga walisema kinyago ukichongacho mwenyewe hakikutishi. Katika biashara hii kinatisha sana, siku unapogundua kwamba kina hati na jina kwenye hati si lako.

Aliyetoa fedha za Halloween ni Moustapha Akkad, mzaliwa wa Aleppo, Syria. Wengi wetu tulimfahamu kwa The Message, filamu yake ya 1976 kuhusu mwanzo wa Uislamu, na hushangaa wakisikia kwamba ndiye aliyembeba Michael Myers filamu baada ya filamu mpaka kifo chake 2005, kufuatia milipuko ya hoteli za Amman. Mwanawe Malek akaendelea na kazi. Carpenter alishaondoka zamani, akarudi 2018 kama mtunzi wa muziki na mmoja wa watayarishaji. Mwenye fedha alijua anachonunua, na alikaa nacho.

Mwongozaji George Romero yalimkuta makubwa zaidi. Night of the Living Dead, 1968, ilitengenezwa Pittsburgh kwa takriban dola 114,000. Sheria ya Marekani ya wakati huo ilitaka kila nakala iwe na tangazo la hakimiliki. Tangazo lilikuwepo, pamoja na jina la awali la filamu. Msambazaji alipobadilisha jina, akaondoa kibao cha jina la zamani akaweka kipya, na tangazo likaondoka na kibao cha zamani. Basi. Kwa mstari mmoja uliosahaulika, filamu ikawa mali ya umma. Vituo vya televisheni viliirusha bure, wauza kanda waliidurufu walivyotaka, na wafu wale wanaotembea polepole na kula watu wakawa wa kila mtu. Ukitaka kujua kwa nini kuna filamu za zombi nyingi hivi, hiyo ni sehemu kubwa ya jibu. Romero alipata heshima yote. Fedha nyingi walipata wengine.

Kesi ya Friday the 13th nawapa vijana waisome kama somo la darasani. Mwandishi wa skripti ya kwanza, Victor Miller, alitumia kifungu cha sheria ya Marekani kinachomruhusu mtunzi kudai kazi yake baada ya miaka 35. Upande wa mtayarishaji, Sean Cunningham, ulisema Miller alikuwa mwajiriwa, hivyo skripti haikuwahi kuwa yake. Mahakama ikasema 2018 kwamba alikuwa mtu wa kujitegemea, na rufaa ikakubaliana na hilo 2021. Ushindi, lakini tazama alichoshinda: skripti ya 1980, ndani ya Marekani. Ndani ya skripti ile Jason ni mtoto aliyezama ziwani. Lile jitu lenye kinyago cha hoki lilikuja na filamu za baadaye. Mmoja ana mtoto, mwingine ana kinyago, na tangu 2009 hakuna filamu mpya ya mfululizo huo iliyoingia kwenye majumba ya sinema.

The Blair Witch Project ya 1999 ina mgogoro wa namna nyingine. Waigizaji watatu walipiga picha wenyewe msituni Maryland kwa siku kama 8, wakajitungia maneno, tena kwa majina yao halisi. Filamu ilinunuliwa kwenye tamasha la Sundance kwa dola milioni moja na kidogo, ikaingiza karibu milioni 250. Kampeni yake ilidai kwamba watatu hao wametoweka, kwa hiyo wakati filamu inavuma haikufaa waonekane hadharani wakitabasamu. Mwaka 2024 walitoa barua ya wazi wakidai malipo ya haki. Ukitumia jina la mtu kama jina la mhusika, umeuza jina lake. Liandikieni mkataba wake.

Scream nayo, ingawa haikuwa filamu ya wanyonge, ina funzo. Kile kinyago cheupe kilichovutika kama kinachopiga yowe kilionekana ndani ya nyumba wakati watengenezaji wakitafuta mahali pa kupigia picha. Kilikuwa bidhaa ya kampuni ya Fun World, na ikabidi waelewane nayo. Kwa hiyo ukiokota kinyago dukani leo kama Wallace, tafuta mwenye nacho kabla hujawasha kamera. Kipindi kile hakuna aliyejali sura ya Shatner. Leo mwanasheria wa msambazaji atajali.

Kwangu kazi huwa hivi. Kabla ya siku ya kwanza ya kupiga picha, mwandishi, msanii wa vipodozi aliyebuni sura ya zimwi, mtunzi wa muziki na aliyekivaa kinyago wote wawe wamesaini kwa kampuni moja, na katika kampuni hiyo waliolizaa zimwi wawe na hisa. Wanaogopa kuzungumza mambo haya na marafiki, eti itaonekana kama hawaaminiani. Zungumzeni kabla fedha haijaja, maana ikija hamtazungumza, mtaajiri mawakili.

Halafu mkataba wa msambazaji. Kuna kifungu utakikuta karibu kila mara, mara nyingi ukurasa wa tatu au wa nne, kinachomkabidhi haki za filamu pamoja na kazi zote zitokanazo nayo, duniani kote, kwa njia zilizopo na zitakazobuniwa, milele. Wengi hubishana juu ya kiasi cha fedha cha ukurasa wa kwanza, wakapita hapo wakiwa wamechoka. Mimi naanzia hapo. Mpe filamu kwa miaka kadhaa, mpe maeneo, ila mwendelezo baki nao. Ukishindwa kabisa, ajifunge kukupa wewe nafasi ya kwanza ya kuuongoza. Fedha ya mwanzo itapungua, hilo nakubali.

Damien Leone, mwongozaji wa filamu za Terrifier, alibaki na mwendelezo wake. Art the Clown alianza kwenye filamu fupi, akachezwa na mtu mmoja, kisha akachukuliwa na David Howard Thornton bila mfululizo kutikisika, maana kikaragosi huyo hasemi neno. Vipodozi vya kutisha vya filamu za mwanzo Leone alivitengeneza mwenyewe. Terrifier 2 ya 2022 iligharimu takriban dola 250,000, sehemu kubwa ikiwa michango ya mashabiki mtandaoni. Ya tatu, 2024, iligharimu kama milioni 2, ikaingia sinema za Marekani bila hata kupimwa daraja la umri, ikaongoza mauzo wikendi yake ya kwanza na kufikia karibu milioni 90 duniani. Sipendi kila kitu kilichomo. Kuna matukio yanayovutwa mpaka machinjio yanakuwa mazoea. Ila ni mwandishi mmoja, mwongozaji mmoja, zimwi moja.

Na kama huna la kwako, unaweza kusubiri la mwingine liachiwe. Kitabu cha kwanza cha Winnie-the-Pooh, dubu wa hadithi za watoto, ni cha 1926, na hakimiliki yake Marekani iliisha mwanzoni mwa 2022. Winnie-the-Pooh: Blood and Honey ikatoka 2023, imetengenezwa kwa chini ya dola 100,000, dubu akiwa mtu aliyevaa kinyago cha mpira. Ni filamu mbaya na ilirudisha fedha mara nyingi. Wengi waliuliza kwa nini Tigger, chui milia rafiki wa dubu huyo, hayumo. Tigger alizaliwa kwenye kitabu cha 1928, kwa hiyo kwake mlango ulifunguka Januari 2024, na filamu ya pili, iliyotoka mwaka huo huo, inaye.