Kinyama cha utumbo kimetolewa kwa kamera. Bado napasuliwa?

Saratani changa ya utumbo mpana ni ipi?
Ni ile iliyopenya utando wa ndani wa utumbo na kuingia tabaka linalofuata, ila haijafika kwenye msuli. Mara nyingi imejificha ndani ya kinyama kilichoota kwenye ukuta wa utumbo. Kinyama hicho hutolewa kwa kamera inayopitishwa njia ya haja kubwa.

Kikishatoka, si nimepona?
Hapana. Bado hujui, na hata daktari bado hajui. Kinyama hutiwa kwenye formalini, dawa ya kukihifadhi kisioze, na kupelekwa maabara ya patholojia, inayochunguza nyama za mwili kwa darubini. Majibu ya huko ndiyo yanayoamua.

Lakini damu imekoma na choo napata vizuri.
Hapana, hiyo haithibitishi kuwa umepona. Damu imekoma kwa sababu kilichokuwa kikivuja kimeondolewa. Seli za saratani zilizokwisha kuingia kwenye tezi za limfu, vivimbe vidogo vya kinga ya mwili vilivyo karibu na utumbo, hazivuji damu wala haziumi. Katika saratani ya hatua hii, takriban mtu 1 kati ya 10 tayari anazo humo. Huyo ndiye anayerudi shambani kuvuna viazi huku majibu yake yakilala kwenye faili.

Majibu yanatazamwa nini?
Kwanza kingo: kama saratani imegusa mahali palipokatwa, imebaki. Pili, kama seli zimeingia kwenye mishipa ya damu au ya limfu. Tatu, kama ni za aina kali, au zimejitenga katika vikundi vidogo vingi mbele ya uvimbe. Nne, kina: kuzidi milimita 1 ndani ya tabaka la pili. Kingo chafu, mishipa au seli kali, hata kimoja tu, upasuaji unajadiliwa bila kuchelewa. Kina peke yake, mengine yakiwa safi, hatari yake ni ndogo zaidi. Hapo hupimwa pia umri, moyo na mapafu.

Kinyama kilichotolewa vipande vipande husumbua, maana maabara haiwezi kusoma kingo zake vizuri. Kwa hiyo uliza: kilitoka kizima? Mahali pake paliwekwa alama ya wino? Kovu likishapona bila alama, daktari wa upasuaji hupata shida kupaona.

Upasuaji wenyewe unaondoa nini?
Kipande cha utumbo pamoja na tezi zake za limfu, angalau 12, zikapimwe. Uvimbe ukiwa karibu sana na tundu la haja kubwa, huenda ukahitaji mfuko wa kinyesi unaobandikwa nje ya tumbo, wa muda au wa kudumu. Liulize hilo mapema.

Nisubiri mavuno yaishe?
Hapana! Majibu kwanza, tarehe ya upasuaji apange daktari. Kutoka Makete au Ludewa hadi hospitali Mbeya nauli ni nzito, kweli. Basi acha namba mbili za simu, yako na ya ndugu, uitwe majibu yakitoka.

Yakiwa safi kabisa?
Hupasuliwi. Unarudi kwa kamera: kama kilitoka vipande vipande, baada ya miezi 3 hadi 6, kama kilitoka kizima, ndani ya mwaka mmoja. Ukiona damu kabla ya hapo, usipitie duka la dawa kununua dawa ya bawasiri. Njoo hospitali, na uje na karatasi ya majibu.