Saa za baridi: maana yake kwa anayetaka kupanda bluberi katika nchi ya joto

Katika kilimo cha bluberi, yaani tunda dogo la rangi ya buluu, kuna kipimo kinachotajwa karibu kila mahali panapozungumzwa uchaguzi wa miche, nacho ni saa za baridi. Maana yake ni jumla ya saa ambazo mmea umekaa katika hewa yenye nyuzijoto kati ya 0 na 7 hivi za Selsiasi wakati wa kipupwe, baada ya kupukutisha majani na kulala. Mmea uliotokea katika nchi za baridi hauamki kwa kuona siku mbili tatu za jua, kwa kuwa baridi kali inaweza kurudi na kuua maua yote. Hungoja mpaka kiasi fulani cha baridi kitimie, kama mtu anayetia sarafu katika kibubu na kukataa kukivunja kabla hakijajaa. Kiasi hicho kisipotimia, matumba hufunguka kwa kuchelewa na kwa kupishana, mengine hukauka yakiwa bado juu ya tawi, na mara nyingine mmea hutoa maua mengi huku hauna majani ya kutosha kulisha matunda yatakayofuata.

Namna ya kuhesabu haikubaliki sawasawa kwa wote. Hesabu ya zamani hujumlisha saa tu, ilhali ile iliyotungwa Utah, Marekani, mwaka 1974 huipa kila nyuzijoto uzito wake na hata kupunguza hesabu pale joto linapopanda mchana, na nyingine iliyotoka Israeli katika miaka ya 1980 iliundwa hasa kwa ajili ya maeneo ambayo kipupwe chake ni chepesi. Kwa msomaji wa Mombasa tofauti hizo hazina uzito mkubwa, kwa sababu hesabu yoyote atakayoitumia itampa jibu moja, yaani sifuri.

Bluberi ya kupandwa ina historia fupi. Frederick Coville, mtaalamu wa mimea katika Wizara ya Kilimo ya Marekani, alieleza mwaka 1910 kwamba mmea huu hustawi katika udongo wenye asidi tu, akashirikiana na Elizabeth White wa New Jersey kuchagua mimea bora ya porini, na mwaka 1916 mavuno yao ya kwanza yakauzwa. Aina zilizotokana na mimea hiyo ya kaskazini huhitaji kwa kawaida saa 800 hadi 1,000 za baridi, na nyingine zaidi ya hapo. Florida haina baridi ya namna hiyo. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940 Ralph Sharpe wa Chuo Kikuu cha Florida alianza kuchanganya bluberi za kaskazini na kichaka kidogo cha kienyeji cha huko kiitwacho Vaccinium darrowii, ambacho hakipukutishi majani mwaka mzima, na kutokana na kazi hiyo, iliyoendelezwa na Paul Lyrene baada yake, ukapatikana ukoo wa aina za kusini unaotosheka na saa mia chache, au hata chini ya hizo. Aina ya Biloxi, iliyotolewa Mississippi mwaka 1998 na watafiti wa Wizara ya Kilimo ya Marekani, ni ya ukoo huo, na ndiyo iliyotangulia kuenea katika mashamba mengi ya nchi za joto.

Hapo ndipo maana ya kipimo hiki hupotoshwa. Mtu wa Kisauni au Likoni, mjini Mombasa, akikuta tangazo la miche ya bluberi linalosema kwamba aina hii inahitaji saa chache za baridi, huelewa kuwa inastahimili joto, na muuzaji hana haja ya kumsahihisha. Hayo ni mambo mawili mbalimbali. Kuhitaji baridi kidogo ni kusema kwamba mmea ukishalala huamka upesi, au kwamba unaweza kuendelea kuishi bila kulala kabisa. Hakusemi lolote juu ya joto la mchana ambalo jani linaweza kufanya kazi ndani yake, wala juu ya usiku ambao tumba la ua linaweza kuundwa. Aina inaweza kuhitaji saa sifuri na bado ikashindwa kuzaa mahali penye joto kali mwaka mzima.

Katika nchi za joto wakulima hutumia utaratibu wa kutouacha mmea ulale. Huulisha naitrojeni mfululizo hata katika miezi ambayo ungepaswa kupumzika, huupogoa baada ya mavuno ili utoe matawi mapya, na majani ya zamani hubaki yakifanya kazi mpaka matunda yaive. Kwa njia hii suala la saa za baridi hukaribia kuondoka, lakini linabaki suala la kuunda matumba ya maua. Bluberi huunda matumba yake pale siku zinapofupika na hewa inapopoa. Katika majaribio ya aina za kusini, mimea iliyowekwa katika joto la nyuzi 21 iliunda matumba mengi kuliko ile iliyowekwa katika nyuzi 28, hata pale siku zilipofupishwa kwa makusudi. Kwa hiyo baridi ambayo mmea hauihitaji tena kwa kuamka bado unaihitaji, kwa kiasi cha wastani, ili upate cha kuamsha.

Mfano unaotajwa sana na watu wanaotaka kupinga maelezo haya ni Peru. Nchi hiyo, ambayo mwanzoni mwa miaka ya 2010 haikuwa na jina katika biashara ya bluberi, sasa inaongoza duniani kwa kuuza nje bluberi mbichi, na sehemu kubwa ya mashamba yake iko pwani, katika mkoa wa La Libertad, karibu na mji wa Trujillo ulioko kama nyuzi 8 kusini mwa Ikweta. Mombasa iko nyuzi 4 kusini mwa Ikweta, nayo iko pwani. Basi kwa nini isiwezekane? Jibu liko baharini. Pwani ya Peru hupitiwa na mkondo wa Humboldt unaoleta maji baridi kutoka kusini, na kwa sababu hiyo usiku wa Trujillo katikati ya mwaka hushuka hadi nyuzi 15 hivi, na mchana wake mara nyingi hauzidi sana nyuzi 20. Juu ya hayo ni jangwa: mvua karibu haipo, maji yote hutoka katika mifereji, na mkulima ndiye anayeamua mmea unywe lini na kiasi gani. Mwaka 2023, El Niño ilipoyapasha joto maji ya pwani hiyo, mimea mingi ilichelewa na kupunguza maua, na mavuno ya msimu huo yalianguka vibaya. Ilikuwa miche ile ile, ya aina zile zile zinazosifiwa kwa kuhitaji baridi kidogo.

Mombasa haina mkondo wa kuipoza. Wakati wa kusi, Julai na Agosti, ambapo wenyeji husema kuna baridi na watoto huvishwa sweta wakienda shule asubuhi, kipimajoto usiku huonyesha nyuzi 20 au 21, na mchana hupanda hadi 27 au 28. Kaskazi ikivuma, kuanzia Desemba hadi Machi, mchana hufika nyuzi 32 na 33, na usiku hauteremki sana chini ya 23. Urefu wa siku nao hautoi ishara yoyote ya maana, kwani kati ya siku ndefu kuliko zote na fupi kuliko zote tofauti ni kama nusu saa. Mmea wa bluberi uliowekwa katika mazingira haya haufi mara moja, na hilo ndilo linalowapa watu matumaini. Hutoa majani, hurefuka, huonekana mzima, na mwenye kuupanda hungoja maua ambayo huja machache sana au hayaji.

Tuseme mtu ana fedha za kujenga banda linalopozwa. Bado atakutana na ardhi, na kwa maoni yangu hili ni gumu kuliko joto, ingawa huzungumzwa kidogo. Bluberi hutaka udongo wenye asidi, wa pH kati ya 4.5 na 5.5. Kisiwa cha Mombasa na sehemu kubwa ya ukanda wa bahari kutoka Diani hadi Mtwapa vimekaa juu ya mwamba wa matumbawe, yaani chokaa tupu. Ni mawe yale yale yaliyojenga nyumba za Mji wa Kale na yanayochimbwa Bamburi kutengeneza saruji. Pale Bamburi, René Haller alipoanza mwaka 1971 kuotesha miti katika machimbo yaliyoachwa, miti mingi aliyoijaribu ilikufa, na mvinje ukawa miongoni mwa michache iliyostahimili. Bluberi ni kinyume cha mvinje kabisa. Mizizi yake ni myembamba, iko juu juu, haina vinyweleo vya kufyonzea, na kwa asili hutegemea kuvu wanaoishi ndani yake kuipatia chakula. Katika udongo wa chokaa madini ya chuma hujifunga na mmea hauwezi kuyapata, na majani machanga huwa ya manjano huku mishipa yake ikibaki kijani. Kumwaga salfa ili kuongeza asidi, kama wafanyavyo wakulima wa kwingine, hakusaidii sana hapa, kwa kuwa asidi yote inayotengenezwa hutumika kuyeyusha chokaa kwanza, na chokaa hiyo haina mwisho.

Njia iliyobaki ni kupanda katika vyombo vya lita 25 hadi 40 vilivyojazwa unga wa makumbi ya nazi badala ya udongo. Mashamba mengi ya kisasa, hata yenye udongo mzuri, yamehamia huko, na hapa kwa mara ya kwanza Pwani ina kitu mkononi, kwa maana minazi ya Kilifi na Kwale hutoa makumbi mengi kuliko yanayotumiwa. Lakini si kila makumbi yanafaa. Yale yaliyofukiwa kwa miezi katika matope ya ufuo ili kupata usumba wa kusokota kamba yamenyonya chumvi ya bahari, na bluberi ni miongoni mwa mimea isiyovumilia chumvi hata kidogo. Hata makumbi ya bara yana sodiamu na potasiamu ya asili ambayo lazima ioshwe kwa maji matamu na kwa mbolea yenye kalsiamu kabla mche haujapandwa. Kisha yanakuja maji yenyewe: visima vingi vya kisiwani vina munyu, na maji yaliyopita katika mawe ya chokaa huwa na bikaboneti, ambayo huondoa asidi, kwa hiyo kila tone la umwagiliaji lazima litiwe asidi kwa kipimo, kila siku, kwa maisha yote ya shamba. Mbolea nayo huchaguliwa, kwa sababu mmea huu hupendelea naitrojeni ya amonia kama ile ya salfeti ya amonia, na hutumia kwa shida ile ya naitreti.

Magonjwa sitayarefusha. Unyevu wa Pwani hulea kutu ya majani, ugonjwa unaoletwa na kuvu, na mmea usiopukutisha majani humpa kuvu huyo makao ya mwaka mzima; mvua za masika nazo hupasua matunda yaliyoiva. Uchavushaji una jambo la kupendeza: ua la bluberi hutoa chavua kupitia matundu madogo na hutaka kutikiswa na mdudu anayevuma kwa nguvu, kazi ambayo nyuki wa asali haiwezi vizuri, ila wale nyuki wakubwa weusi wanaotoboa mbao za paa na ambao wenye nyumba huwafukuza kwa ufagio wanaiweza.

Nchini Kenya bluberi hulimwa, lakini juu. Kampuni ya Kakuzi ya Makuyu, kaunti ya Murang'a, inayojulikana kwa maparachichi na makadamia, imepanda, na mashamba mengine yako kwenye miteremko ya Mlima Kenya upande wa Nanyuki na Timau, karibu na mita 2,000 juu ya usawa wa bahari au zaidi. Hata huko saa za baridi kwa hesabu ya zamani ni chache mno, ila usiku wake wa nyuzi 10 au 12 unatosha kuunda matumba. Kwa mtu wa Mombasa mahali pa karibu penye hewa inayofanana kidogo na hiyo ni Milima ya Taita, ambako mboga nyingi za masoko yetu hutoka. Joto hupungua kwa wastani wa nyuzi 6 kila mita 1,000 za kupanda, na kilele cha Vuria kina mita 2,208. Mashamba ya juu ya Wundanyi yanastahili kupimwa usiku kwa mwaka mzima kabla mtu hajanunua mche hata mmoja.

Anayeuziwa miche na aulize mambo matatu: aina hiyo huunda matumba katika usiku wa nyuzi ngapi, imezaa wapi kwingine penye hali hiyo kwa misimu kadhaa mfululizo, na nani ana haki ya kuizalisha. Swali la mwisho si la kupuuzwa, kwa sababu aina nyingi mpya zinamilikiwa na waliozivumbua, na Kenya, iliyoingia mwaka 1999 katika mkataba wa kimataifa wa kulinda aina mpya za mimea, huzisajili haki hizo kupitia KEPHIS, shirika lake la ukaguzi wa afya ya mimea. Mche uliozalishwa kwa siri unaweza kuota vizuri kabisa na bado mavuno yake yakakataliwa na mnunuzi wa nje.